Dampo lililohama mara nne

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walichoka na moshi. Dampo la jiji lilikuwa kwao tangu miaka ya 1960, enzi ambazo Tabata ilikuwa pembezoni na mji uko mbali. Mji ukasogea. Nyumba zikajengwa mpaka karibu na taka, magari ya Halmashauri yakaendelea kumwaga, na moto ukaendelea kufuka usiku na mchana. Kulalamika hakukusaidia kitu. Ndipo wakazi walipofanya jambo ambalo wakati ule halikuzoeleka: wakaishtaki Halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu.

Majira yenyewe yaliwabeba. Sura ya haki za binadamu iliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, lakini serikali ilijipa miaka mitatu ya mpito ambayo ndani yake mwananchi hakuweza kwenda mahakamani kuzidai haki hizo. Mpito huo uliisha Machi 1988. Miezi michache baadaye watu wa Tabata wako mbele ya jaji, na Ibara ya 14 iko upande wao: "Kila mtu anayo haki ya kuishi na kupata kutoka katika jamii hifadhi ya maisha yake, kwa mujibu wa sheria."

Mahakama iliiamuru Halmashauri iache kumwaga taka Tabata na itafute mahali ambapo watu hawatadhurika. Halmashauri ikaomba muda, ikaja kuomba tena. Hapo Jaji Lugakingira alitoa maneno ambayo wanafunzi wa sheria nchini wanayasoma mpaka leo. Alisema hajapata kusikia popote mamlaka ya umma, au hata mtu binafsi, akienda mahakamani kwa kujiamini kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu, wawe wengi au wachache. Kumweka mtu kwenye hatari kwa makusudi, alisema, ni kumnyima ile haki ya kuishi, na ni jambo la kutisha zaidi kuitaka mahakama isaidie kuivunja. Ombi likakataliwa.

Hukumu ile ilikuwa ya haki, na naiheshimu. Watu wa kawaida, bila mjomba serikalini, walisimama dhidi ya jiji zima wakashinda. Lakini kilichofuata baada ya ushindi kinanisumbua zaidi, kwa sababu humo ndimo yamelala makosa tunayoyarudia kila halmashauri inapotoka na mpango mpya wa taka.

Taka ziliondolewa Tabata zikapelekwa Kunduchi Mtongani, kwenye mashimo ya machimbo. Kule nako kulikuwa na watu. Mwaka 1991 mkazi mmoja na wenzake 794 walifungua shauri, na Mahakama Kuu ikawasikiliza tena: eneo lile lilipangwa kuwa makazi katika mpango wa jiji lenyewe, na Halmashauri ilikuwa inakwenda kinyume na ramani yake. Magari yakageuzwa. Mwaka uliofuata dampo lilikuwa Vingunguti, kwenye mteremko wa bonde la Msimbazi, na pale likakaa karibu miaka kumi, maji yake machafu yakishuka kila mvua inyeshapo. Vingunguti ilipofungwa mwaka 2001 ikaja zamu ya Mtoni, Temeke. Mtoni ilipofungwa, baada ya miaka michache tu, mabomba yalifukiwa humo kunyonya gesi inayotokana na taka zinazooza, ukawa mradi wa kwanza wa Tanzania kusajiliwa katika utaratibu wa biashara ya hewa ukaa chini ya Itifaki ya Kyoto, makubaliano ya kimataifa ya kupunguza gesi zinazoongeza joto duniani. Kisha ikawa Pugu Kinyamwezi, ambako magari yanapanda tangu mwaka 2007.

Hesabu mwenyewe. Tabata, Kunduchi, Vingunguti, Mtoni, Pugu. Dampo limehama mara nne ndani ya miaka isiyofika ishirini, na kila lilipohama swali lililokuwa mezani lilikuwa moja: tukamwage wapi? Mahakama haikuwa na namna ya kuuliza lingine, kwa kuwa kesi iliyoletwa ilihusu mahali. Halmashauri ndiyo iliyotakiwa kujiuliza la pili, yaani kilichomo ndani ya magari ni nini, na kwa nini chote kiende kumwagwa. Hilo halikuulizwa kwa uzito wake.

Sidharau walivyohangaika watendaji wa wakati ule. Mwaka 1992 jiji lilikadiriwa kuzalisha tani 1,400 hivi za taka kwa siku, na zilizozolewa hazikufika asilimia 5. Malori yalikuwa mabovu, vipuri hakuna, mitaa imejaa milima ya uchafu. Operesheni ya dharura ikaendeshwa, na mwaka 1994 kata za katikati ya jiji zikakabidhiwa kampuni binafsi. Mwishoni mwa muongo ule utaratibu ukapanuliwa hadi kata nyingine, na safari hii waliopewa kazi walikuwa pamoja na vikundi vya mitaani, vingi vikiwa vya akina mama na vijana. Mitaa ilipumua, na kiasi kinachozolewa kilipanda kwa wazi. Mtu aliyeiona Kariakoo ya mwanzoni mwa miaka ya tisini hatabisha.

Ila mkataba wenyewe ulijengwa namna fulani, na namna hiyo ndiyo tunayoishi nayo. Mkandarasi au kikundi kinapewa kata, kinapita nyumba kwa nyumba kukusanya taka, na ada ya taka ndiyo mshahara wake. Akikusanya ada vizuri, anaishi. Watu wakikwepa kulipa, anakufa. Gharama yake kubwa ni safari ya lori: mafuta, dereva, utingo, matairi. Basi kila mkandarasi mwenye akili anajua njia ya kubaki hai: asafiri mara chache kadiri inavyowezekana, ajaze lori mpaka kushindiliwa, aanze na mitaa yenye barabara nzuri na watu wanaolipa. Vichochoro vya mabondeni vinasubiri. Hapa simlaumu mkandarasi hata kidogo. Anafanya kile ambacho mkataba unamlipa afanye.

Sasa weka umbali juu ya hapo. Mji ulipokwisha kusogea, Tabata haikuwa mbali. Pugu Kinyamwezi iko kilomita 30 hivi kutoka katikati ya jiji, na lori linalotoka Bunju au Mbweni linakatiza Dar yote, foleni kwa foleni, kabla halijaiona Pugu. Masika ikiingia, barabara ya ndani ya dampo inageuka tope na malori yanakwama yakisubiriana. Lori lililokuwa na uwezo wa safari kadhaa kwa siku linaambulia moja. Na sensa ya 1988 iliwakuta watu milioni 1.36 Dar es Salaam. Ile ya 2022 iliwakuta milioni 5.38. Kila mara dampo liliposogezwa mbali ili kuwaridhisha majirani zake, taka zilibaki muda mrefu zaidi mlangoni kwa mtu wa uswahilini. Haki iliyotendeka Tabata ikalipiwa Manzese.

Na ndani ya lori hilo linalokwenda kilomita zote hizo mnabebwa nini? Mimi nilitaka kujua kwa nyumba yangu. Tuko sita. Kwa wiki moja nilitenga kila kitu, nikapima kwa mzani niliouazima kwa jirani muuza mkaa. Zilitoka kilo 23. Za jikoni peke yake zilikuwa 16: maganda ya ndizi na ya mihogo, mashina ya mchicha, vichwa vya dagaa, makombo ya ugali, maganda ya machungwa, na machicha ya nazi, ambayo kwa nyumba inayopika wali wa nazi mara tatu kwa wiki si haba. Nyumba yangu si utafiti, lakini waliopima taka za jiji hili kwa utaratibu wamekuta jambo lile lile: zaidi ya nusu ya taka za majumbani ni vitu vya kuoza.

Anayepika anajua uzito huo unatoka wapi. Chukua kiganja cha machicha, kamua: maji. Ganda la tikiti ni maji. Kwa hiyo jiji linawatoza wananchi ada, linanunulia dizeli, linachakaza barabara ya Nyerere, ili kupeleka maji Pugu. Yakifika huko yanafunikwa na taka nyingine, yanaoza bila hewa, yanatoa methani inayowaka dampo likishika moto, na majimaji meusi yanayochuja kwenda chini. Moshi wa Tabata na maji ya Vingunguti vilianzia kwenye ndoo ya jikoni. Taka za kuoza zikitolewa, dampo linabaki na vitu vikavu, vyepesi, visivyo na inzi, na halihitaji kukimbiwa kila baada ya miaka kumi.

Baada ya kupima niliamua kuwa raia mwema. Nikaweka ndoo mbili, moja ya jikoni yenye mfuniko, nyingine ya vikavu, nikawafundisha watoto, nikamkanya shemeji yangu aliyekuwa akitupa vocha na pamba za masikio kwenye maganda. Jumamosi kijana wa taka alipofika na guta lake nilimkabidhi ndoo zote mbili nikimweleza hii ni nini na ile ni nini. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akamimina ya jikoni kwenye guta, akamimina ya vikavu juu yake.

Nilipomuuliza, aliona haya kabisa. Akaniambia, "Mama, unajisumbua bure. Huko ninakopeleka lori ni moja."

Nimelifikiria neno hilo kuliko ripoti yoyote niliyosoma. Lori ni moja. Vipeperushi vya kutenganisha taka tumegawiwa, mapipa ya rangi rangi yamewekwa kwenye baadhi ya shule na ofisi, viongozi wamepiga picha wameshika fagio. Lakini mwananchi akitenganisha na lori likachanganya, umemfundisha jambo moja tu, nalo ni kwamba juhudi yake haina maana. Hatarudia. Mimi mwenyewe nilikaa miezi miwili bila kurudia, na ninayapenda haya mambo.

Kijana huyo huyo, kabla hajaliondoa guta, alifanya kitu kingine ambacho watu wa mipango wangefaidika kukiona. Alichana viroba vya majirani kwa vidole, haraka haraka, akatoa chupa za maji, makopo ya bia, kipande cha sufuria iliyotoboka, kadibodi moja iliyokuwa bado kavu. Kila kimoja kilikuwa na mfuko wake ukining'inia ubavuni mwa guta. Chupa zilizolowa mchuzi alizifuta kwa suruali. Zile zilizojaa machicha aliziacha, kwa kuwa mnunuzi wa chupa akiona uchafu anakata uzito au anakataa kabisa.

Huo ndio urejelezaji wa Dar es Salaam. Halmashauri haikuuanzisha na haiulipii. Chupa, chuma chakavu, makopo, maboksi: vyote vina bei kwa kilo na vina mtu anayevifuata, kuanzia muokota chupa wa mtaani, kwenda kwa mwenye mzani, kwenda kwa mwenye ghala, mpaka kiwandani. Ndiyo maana napata shida mpango wa halmashauri unapotangaza kwa fahari kituo cha kukusanyia plastiki. Plastiki yenye bei tayari ina wenyewe, na ukiweka kituo chenye geti na mzabuni mmoja, umemnyang'anya mtu wa mwisho kabisa kwenye mnyororo kile alichokipata kwa mikono yake, bila glovu wala bima. Kilichokosa mwenyewe ni machicha. Hakuna anayenunua machicha kwa kilo. Hapo ndipo mahali pa serikali, kwa sababu soko limepakimbia.

Sheria tunayo, na haikuanza jana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazitaka mamlaka za serikali za mitaa zisimamie na kupunguza taka ngumu, na zihakikishe taka za aina tofauti zinatenganishwa pale zinapozalishwa. Kanuni za Usimamizi wa Taka Ngumu zikafuata mwaka 2009. Tumeona pia kwamba serikali ikitaka inaweza: mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Juni 2019, na ndani ya muda mfupi kila mtu sokoni alikuwa na kikapu au mfuko mbadala. Lakini marufuku ni amri ya kuacha. Kutenganisha taka ni kazi ya kila siku inayohitaji lori la pili, siku yake, na mahali pa kupeleka. Amri haiwezi kufanya kazi ya lori.

Mahali pa kupeleka pameanza kuonekana, angalau kwa kuchungulia. Kinondoni ilijenga kiwanda cha mboji Mabwepande kwa msaada wa Ujerumani, tunda la undugu wa Dar es Salaam na Hamburg uliotiwa saini mwaka 2010. Kilisanifiwa kupokea tani 50 za taka za kuoza kwa siku, na kimeegemea taka za masokoni. Sababu inaeleweka. Sokoni taka ni maganda ya nanasi na majani ya kabichi, safi kiasi. Taka ya nyumbani inayofika imechanganyika na vioo, betri na nepi, na mboji yenye vipande vya vioo hakuna mkulima atakayeingiza mkono. Kiwanda kinaweza kuwa kizuri kiasi gani, kikiletewa mchanganyiko kitasimama.

Bonyokwa, ndani ya Ilala, shirika la Nipe Fagio limejaribu kuanzia upande wa pili, mlangoni. Wakusanya taka wameundiwa ushirika, wanapita nyumba kwa nyumba, wanapokea taka zilizotenganishwa, na za kuoza zinafanyiwa kazi papo hapo kwenye kata badala ya kupanda Pugu. Nakipenda kitu kimoja zaidi ya vingine katika mpango huo: anayekusanya ndiye anayemweleza mama wa nyumba kwa nini ndoo ziwe mbili, na wiki ijayo anarudi yeye yule yule. Elimu inayorudi kila wiki ikiwa na jina na sura ni tofauti na kipeperushi. Jambo la kutia moyo vilevile ni kwamba kazi hiyo imefanyika kwenye kata ya watu wa kipato cha kawaida, kwenye barabara za vumbi. Hoja ya kwamba Mswahili hatenganishi taka haisimami tena.

Tangu Februari 2021, Halmashauri ya Jiji ya zamani ilipovunjwa na Ilala kupandishwa kuwa Jiji, kila halmashauri ya mkoa huu ina nafasi ya kuandika mikataba yake upya inapoisha. Ningeomba yaandikwe mawili tu humo. La kwanza, siku ya ndoo ya jikoni iwe peke yake, na mkandarasi alipwe sehemu ya fedha zake kwa kilo za taka safi za kuoza alizofikisha kwenye eneo la mboji, badala ya kutegemea ada ya nyumba peke yake. Siku hiyo kuchanganya kutamgharimu, na yeye mwenyewe ndiye atakayegombana na shemeji yangu. La pili, eneo la mboji liwe ndani ya kata au kata jirani. Mboji haihitaji mitambo ya ajabu. Inahitaji sakafu ngumu, paa la kukinga mvua, majani makavu au pumba za mbao za kuchanganya na maganda ili rundo lipate hewa, na watu wa kuligeuza. Likitunzwa hivyo, ndani linapanda nyuzi 55 na zaidi, linaua mbegu za magugu na vijidudu, na baada ya miezi miwili mitatu limekuwa udongo. Rundo lenye harufu mbaya ni rundo lililokosa hewa, na tiba yake ni reki na koleo.

Najua kitakachojibiwa: ardhi hakuna. Dar ardhi ni ghali, na diwani gani ataweka mboji kata yake wakati jina la Tabata bado linakumbukwa? Ni pingamizi la kweli. Watu wameonjeshwa madampo manne au matano, na kila mara waliahidiwa yatasimamiwa. Mimi nisingewaambia waamini. Ningewapeleka Bonyokwa wakanuse.

Kwetu mtaani jambo hili limepata suluhisho dogo ambalo halikupangwa na mtu. Bondeni kuna mzee analima mchicha na matembele. Alikuwa akinunua samadi ya kuku kwa kiroba, na bei ikapanda. Siku moja alinikuta nikimwaga machicha, akaniuliza, "Mwanangu, hizo unazitupa?" Sasa Jumatano na Jumamosi mjukuu wake anapita na toroli kwenye nyumba nane, anachukua ndoo za jikoni, anarudisha ndoo zimesuuzwa. Kijana wa guta naye amefurahi, maana viroba vyetu ni vyepesi na chupa zake ni safi.

Nilimuuliza mzee kama anaweza kuchukua na nyumba za barabara ya pili, ambao wameshaanza kuulizia. Alinionyesha kwa mkono mstari wa tope kwenye shina la mnazi, juu kidogo ya goti, mahali maji yalipofika masika iliyopita. Rundo lote lilisombwa. Akasema akipata sehemu ya juu, hata ukubwa wa vyumba viwili, atachukua mtaa mzima.

Kule juu kuna kiwanja cha wazi, kando ya ofisi ya serikali ya mtaa. Tumeandika barua.